Maziwa ya unga ya mtoto, miezi 0 hadi 6: nimeisoma lebo yote

Unga unayeyuka bila mabonge, na binti yangu anayanywa bila kugoma. Hayo tuyaache, kilichonivutia ni lebo. Nishati ni kilokalori 66 kwa mililita 100, ndani ya kiwango cha 60 hadi 70 cha Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula. Kloridi, moja ya madini, nayo ipo, mstari ambao wazazi wengi huuruka. Mimi siuruki: mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani watoto waliugua kwa sababu maziwa ya soya ya kopo yalikuwa na kloridi kidogo mno, na mwaka 1980 ikatungwa sheria ya maziwa ya watoto. Sasa kanuni zao zinadai virutubisho 30, na 10 kati yake vina kikomo cha juu, maana hata kuzidisha kunadhuru.

Kinachonikera ni maelekezo ya kuchanganya: eti maji "ya uvuguvugu". Unga huu hauuzwi ukiwa tasa, yaani usio na vijidudu kabisa! Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasiyopungua nyuzi 70 za Selsiasi, yaue bakteria kama Cronobacter, kisha maziwa yapoozwe kabla ya kumpa mtoto.

Halafu mbele ya kopo wameandika "hujenga akili". Kanuni ya kimataifa ya 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa ya watoto inakataza picha na maneno ya kuyapamba maziwa haya kwenye lebo. Picha ya mtoto hawakuiweka, ila maneno wameyapenyeza.

Nyota tatu. Ya nne ningeitoa kama kijiko cha kupimia kisingekuwa kimezama ndani ya unga.