Huduma ya upekuzi wa hati kwa wanunuzi wa viwanja Mbeya

Kwa yeyote anayetaka kununua kiwanja chenye hati jijini Mbeya, huduma ya upekuzi (kuangalia taarifa za kiwanja katika daftari la serikali la hati) niliyoipata katika ofisi ndogo ya wakili maeneo ya Mwanjelwa ina thamani kubwa, hasa kwa sababu ya jambo ambalo wanunuzi wengi hatulifikirii: faini ya mahakama ambayo muuzaji hajailipa.

Tumezoea kusikia kwamba fulani ameambiwa alipe faini au aende jela, tukadhani habari inaishia hapo. Kumbe mahakama inaweza pia kuagiza fedha hizo zipatikane kwa kukamata na kuuza mali ya aliyetiwa hatiani, hata ile isiyohamishika. Amri ya namna hiyo ikishafika kwa Msajili wa Hati na kuandikwa katika daftari, uhamisho wa kiwanja unakwama, hata kama muuzaji anayo hati halisi mkononi na mkataba wa mauziano umeshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kiwanja nilichokipenda kule Uyole. Vigingi vilikuwa mahali pake, na mke wa muuzaji alikwisha kuridhia kwa maandishi. Wakili hakutosheka na nakala ya hati. Aliwasilisha maombi ya upekuzi rasmi yenye namba ya hati, ya kiwanja na ya kitalu, ada ya serikali ikalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Majibu yalikuwa karatasi moja: jina la mmiliki, muda wa umiliki, rehani hakuna, na chini kabisa mstari mmoja unaotaja amri ya mahakama inayozuia uhamisho, pamoja na namba ya shauri. Kwa namba hiyo, karani wake alikwenda masjala ya mahakama akabaini kuwa chanzo ni faini.

Hapo ndipo ofisi hii ilipoonyesha umahiri wake. Tulielezwa, mimi na muuzaji, kwamba kulipa faini peke yake hakufuti ule mstari: lazima stakabadhi irudishwe mahakamani, mahakama itoe amri ya kuondoa zuio, na amri hiyo ifikishwe kwa Msajili. Wakili alikataa katakata nitangulize hata malipo ya awali, akasisitiza upekuzi wa pili ufanyike tunapokaribia kusaini, kwa kuwa daftari huonyesha yaliyokwisha kusajiliwa tu, na amri iliyotolewa juzi huenda bado iko njiani.

Malalamiko yangu ni mawili. Ada yake ilichanganywa na ya serikali mpaka nilipoomba mchanganuo. La pili limeniuma zaidi: taarifa ya mwisho iliandikwa kwa Kiingereza kizito, ilhali mama yangu, aliyechangia fedha za kiwanja, hakisomi. Tangu 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo mteja hapaswi kuomba tafsiri ya karatasi aliyoilipia.

Wanaotafuta mashamba ya vijijini huko Rungwe au Mbozi wasiitegemee huduma hii. Ardhi ambayo haimo katika daftari la Msajili haina cha kupekuliwa pale. Kwa hiyo waanzie kwa halmashauri ya kijiji, kisha waulize mahakama ya mwanzo ya eneo hilo kama muuzaji ana shauri lolote.