Ushauri wa video kwa kijana mwenye paniki: nyota 4

Jamani hii huduma imetusaidia kweli. Binti yangu wa miaka 15 alikuwa anashikwa ghafla tu na hofu kali, ndo hiyo paniki, moyo mbio, vidole vinakufa ganzi, analia mama nakufa, alafu kama dakika 10 hivi inaanza kushuka, daktari akacheki moyo na tezi ya shingoni akakuta viko poa ndo akatuelekeza huku. Mshauri wala hakumwambia "tulia" kama kila mtu, alimwambia kwenye video ajizungushe kwenye kiti mpaka kizunguzungu kije, siku nyingine apumue kwa mrija, yaani zile dalili zinaitwa makusudi ili mtoto azoee kwamba haziui. Mie nusura nizime laptop 😂. Akasema pia kinachomtesa zaidi ni hofu ya shambulio lijalo la paniki, ndo maana alishaanza kukwepa basi la shule, lifti, mpaka sherehe. Vinywaji vya kuongeza nguvu kakatazwa, kanuna lakini kaacha. Nyota moja nimekata sababu ya programu yao ya miadi, inagoma hovyo, na nafasi za jioni baada ya shule mtasubiri weee.