Mbegu za komamanga fupi, kwa sisi wa kwenye baridi

Nyota 4. Jamani mlioko Uingereza na mnapenda komamanga, hizi mbegu za ile aina fupi inaitwa Nana nimezikubali. Zimekuja kavu, nyama yote ya nje imetolewa, na hilo ndo la muhimu kwa sababu nyama ikibaki mbegu inashika ukungu kabla hata haijaota. Zinataka joto la nyuzi 20 hadi 25 hivi, mi nikaweka kikopo karibu na hita nikafunika na plastiki na zikaota karibu zote, tena vile vijani vichanga vinatoka na wekundu fulani vinang'aa, yaani raha kuangalia. Mti wenyewe unafika kama mita moja tu kwa hiyo unakaa vizuri kwenye chungu dirishani, baridi ikianza unapukutisha majani, msiutupe haujafa, punguzeni tu maji.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya picha kwenye pakiti, wameweka komamanga kubwa la kula wakati Nana inazaa vidogo vidogo vichachu, sifa yake ni maua. Waandike ukweli tu, maua yenyewe yanatosha kuuza.