Uzoefu wangu na KVM: kurasa kubwa kwenye seva ya mtumba, Kigoma

Wakuu, hapa Mwanga tunaendesha KVM (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) juu ya Debian, aina ya Linux, kwenye seva ya mtumba yenye RAM ya GB 32. Mashine pepe ziko tatu: ya mafaili, ya kamera, na ya hifadhidata ya PostgreSQL ya wateja wa jumla wanaosafirisha dagaa na mgebuka kwenda Dar. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa inatutesa. Mwisho wa mwezi ripoti zinajikokota, prosesa inahema, diski imetulia tuli.

Hali ikiwa hivyo, mimi hutazama kumbukumbu. Kumbukumbu hugawanywa vipande viitwavyo kurasa. Mashine pepe ina jedwali lake la kuonyesha kila ukurasa uko wapi, na chini yake kuna jedwali la pili la haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, hapa KVM. Zamani kazi ya kuoanisha majedwali hayo mawili ilifanywa kwa programu. AMD mwaka 2007 na Intel mwaka 2008 wakaiingiza ndani ya prosesa. Intel wanaiita EPT. Nafuu ni kubwa, ila si ya bure: anwani isipopatikana kwenye TLB, kache inayokumbuka anwani zilizotafutwa karibuni, prosesa inaweza kusoma kumbukumbu hadi mara 24, wakati bila mashine pepe ni mara 4. Ni kama fomu ya mwenyekiti wa mtaa ambaye kila muhuri anaomba kwanza ruhusa kwa mtendaji wa kata.

Dawa ni kupunguza idadi ya kurasa kwa kutumia kurasa kubwa zaidi. Kwa kurasa za KB 4, GB 8 zinahitaji 2,097,152; kwa za MB 2 ni 4096 tu. Nikaweka vm.nr_hugepages=4096 kwenye sysctl (mipangilio ya kiini cha Linux), kisha kwa virsh edit, amri ya kuhariri mipangilio ya mashine pepe, nikaongeza hugepages ndani ya memoryBacking. Angalizo: seva ikishakaa hewani muda mrefu, kumbukumbu inakuwa imekatikakatika, na HugePages_Total kwenye /proc/meminfo inatoka pungufu ya ulichoomba. Yangu ilitimia baada ya kuiwasha upya.

Mhasibu aliyekuwa akibofya ripoti na kwenda kunywa chai sasa anaisubiri kitini. Mashine ya mafaili, kwa upande wake, haikuonyesha tofauti yoyote, nikairudisha kama zamani.

Kinachonikera: hizo GB 8 zimefungwa. Hata mashine ikizimwa, nyingine hazizigusi, na KSM, inayounganisha kurasa zinazofanana, haiziingilii. Mwenye seva ya GB 8 jumla asithubutu. Kurasa kubwa nazipa nyota nne.