Detekta ya pili kwa udongo wa Lubumbashi: ipi ununue kwanza

Parseli ya bibi yangu, yaani kiwanja chake kule Katuba, Lubumbashi, ina mwembe mmoja mkubwa, bomba la maji lililokufa zamani, na ule udongo mwekundu unaokufuata hadi nyumbani kwenye soli za viatu. Nilikwenda pale na detekta yangu ya kwanza, mashine ya kutafutia metali ardhini, ya manjano, iliyotoka kwenye boksi lenye picha ya vipande vya dhahabu. Nikiteremsha sahani, ile duara iliyo mwisho wa fimbo yake, inalia. Nikiinua, inanyamaza. Nikichimba, udongo mtupu. Aliyeniuzia akaniambia mali iko chini zaidi, nizidi kuchimba. Nikachimba hadi magotini, bibi akaanza kuihofia mizizi ya mwembe wake.

Miezi kadhaa baadaye rafiki yangu wa Likasi alikuja na mashine yake. Alishika kitufe kimoja, akapandisha na kushusha sahani mara sita saba juu ya ardhi, na kelele zote zikazimika. Udongo ni uleule, mwembe ni uleule. Baada ya kama saa moja, karibu na jiko la nje, ikatoka sauti moja safi iliyojirudia kila sahani ilipopita. Kwenye kina kama cha kiganja tukatoa kitu cha pembe sita, cheusi kwa uchafu. Bibi akakisugua kwa kidole gumba, tembo akatokea. Ilikuwa faranga mbili ya Congo Belge ya mwaka 1943, ya shaba ya manjano, zile zilizopigwa Philadelphia huko Marekani wakati Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Bibi alisema mama yake alikuwa akizifunga kwenye ncha ya kitenge.

Basi haya ninayoyaandika ni kwa mtu wa Lubumbashi, Likasi au Kipushi ambaye tayari ana mashine ndogo ya kujifunzia, ameshaonja utamu wa kutafuta, na sasa amekusanya dola 200 hadi 350 za kununua iliyo bora. Ushauri unaosomwa ng'ambo umeandikwa na watu wenye udongo mwepesi wa mashambani. Wetu ni mwingine.

Udongo kwanza

Sahani ya detekta hutoa mawimbi ya sumaku kuelekea ardhini. Yakikutana na metali, metali hujibu kwa mawimbi yake, na mashine husikiliza jibu hilo. Shida yetu ni kwamba udongo mwekundu wa Katanga umejaa oksidi za chuma, nao pia hujibu. Ongeza mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuri ambayo mji huu unayajua vizuri: shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na mlima mweusi kando ya bomba refu la moshi bado unaonekana ukiwa mbali. Kipande kidogo tu cha mabaki hayo kinaweza kulia kama kitu cha maana.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza dukani ni hili: je, mashine hii naweza kuipatanisha na udongo mimi mwenyewe? Huko ndiko kule kupandisha na kushusha sahani alikofanya rafiki yangu. Mashine hupima jibu la udongo wa pale uliposimama, kisha hulitoa kwenye hesabu. Mashine za bei ya chini kabisa zimefungwa kiwandani kwenye kipimo kimoja, na kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya Katuba wala Ruashi. Muuzaji akikwambia "hii inashuka mita mbili," usimjibu. Mwulize tena juu ya udongo. Sarafu moja, kwa mashine yoyote ya bei hii, hupatikana sentimita 15 hadi 25 kwenda chini, na katika udongo wetu mara nyingi ni pungufu ya hapo.

La pili ni sahani. Tafuta ile inayoitwa DD, yenye nyaya mbili zilizopangwa kama herufi D zinazotazamana. Husoma ukanda mwembamba wa ardhi kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo haimezi udongo mwingi kwa mara moja. Katika ardhi yenye chuma, tofauti unaisikia siku ya kwanza.

La tatu ni masafa, yaani kasi ya mitetemo ya yale mawimbi, inayohesabiwa kwa kilohezi. Masafa ya chini, kama 5, hupenda shaba na fedha, na vitu vikubwa vilivyolala chini. Ya juu, 15 na kuendelea, hushika vitu vidogo kama pete nyembamba. Zipo mashine za masafa mamoja, zipo za kuchagua, na zipo zinazotumia mengi kwa pamoja. Hizo za mwisho ndizo zinazostahimili ardhi ngumu vizuri zaidi, ila bei inapanda.

La nne, umeme. Mtu wa hapa ajiulize siku ambayo umeme wa SNEL, shirika la umeme, umekatwa tangu jana, atachaji vipi. Mashine yenye betri ya ndani inayochajiwa kwa waya wa USB hula vizuri kwenye pawabenki au sola ndogo. Ya betri za kawaida za AA inakulazimisha kununua nyingine kila mara, na betri za barabarani huisha kabla ya saa sita mchana.

Mpangilio wangu

Ya kwanza kwangu ni Minelab X-Terra Pro, ya kampuni ya Australia, iliyotoka mwaka 2023. Kwenye maduka ya ng'ambo bei yake hucheza karibu na dola 280. Inakupa masafa manne ya kuchagua: 5, 8, 10 na 15. Faida yake utaijua ukitafuta karibu na nyaya kubwa za umeme: mashine ikianza kutetemeka, badilisha masafa, mara nyingi hutulia. Kupatanisha na udongo kuna njia tatu: inajipima yenyewe ukipandisha na kushusha sahani, unaweza kuiweka kwa mkono namba kwa namba, au unaiacha iufuate udongo unavyobadilika ukitembea. Nimetumia sana njia ya pili pale ambapo udongo mwekundu unachanganyika na mavi ya chuma. Sahani yake ni DD kubwa, mashine nzima inaingia majini hadi mita 5, na betri ni ya ndani. Kasoro yake: sahani hiyo kubwa hunisumbua kwenye bustani zilizojaa misumari na vifuniko vya chupa, kwa sababu husoma vitu viwili kwa wakati mmoja na kuvichanganya. Tena waya wake wa kuchajia hushika kwa sumaku, ni wa aina yake. Ukiupoteza hutaupata sokoni. Agiza miwili tangu mwanzo.

Ya pili ni Nokta Simplex Ultra, ya Uturuki. Bei ni jirani na ile ya kwanza. Inatumia masafa mamoja tu, 15, nayo inaingia majini mita 5. Kioo chake kinasomeka juani bila kukisogeza usoni. Ukiwa na hamu ya vitu vidogo kama hereni, pete na vifungo vya zamani, unaweza kuiweka ya kwanza nami sitabishana. Nimeiweka ya pili kwa sababu masafa yake hayabadiliki, na karibu na nyaya za umeme hilo ni tatizo. Ndugu yake mkubwa, Simplex+ ya mwaka 2019, yenye masafa 12, huuzwa mkononi kwa bei nafuu. Ikiwa betri bado inashika chaji, ni ununuzi mzuri sana.

Ya tatu ni Minelab Vanquish 440. Hii inatumia masafa mengi kwa pamoja, na kwa ardhi ya chuma hiyo ni nguvu ya kweli. Ni nyepesi na inafunguka vipande vya kuingia kwenye begi la mgongoni, kitu muhimu kwa anayesafiri kwa teksi-moto, yaani pikipiki. Lakini udongo inajipimia yenyewe, wewe huna mkono pale. Siku nyingi inatosha. Siku nyingine inalialia na huna la kufanya zaidi ya kupunguza nguvu. Inatumia betri nne za AA, nunua zinazochajiwa. Ndogo yake, Vanquish 340, iliuzwa dola 200 hivi, ila haina kitufe cha kubainisha mahali hasa kitu kilipo, na kuchimba shimo kubwa kwenye parseli ya mtu ni njia ya kufukuzwa.

Garrett ACE 300 ya Marekani ni mashine imara, na watu wengi duniani wamejifunzia hiyo. Hapa siwezi kuishauri. Udongo umefungwa kiwandani na sahani yake si DD. Ukiipenda Garrett, subiri ufikie Apex, mashine yake ya bei ya juu zaidi.

Na mwenye uwezo wa kupita dola 500? Nokta Legend ya mwaka 2022: masafa mengi kwa pamoja na udongo unaupatanisha mwenyewe. Inazidi zote nilizotaja. Ila kama pesa hiyo ni ya karo ya watoto, X-Terra Pro itakutosha miaka mingi.

Kabla ya mashine nzima, fikiria kijiti. Kile kifaa kidogo cha mkononi kinacholia ukikigusisha kitu ndani ya shimo ndicho kilichobadilisha utafutaji wangu kuliko sahani yoyote. Unakata shimo dogo, unachomeka kijiti, unajua kitu kiko ukutani au chini. Garrett Pro-Pointer AT ni mzuri na hauogopi maji. Bandia zake ni nyingi, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni.

Za kuacha dukani

Usinunue kifaa chenye antena mbili kinachodai kuonyesha dhahabu kilomita moja mbele. Hakuna elektroniki ya namna hiyo. Uingereza mwaka 2013 mtu alifungwa miaka 10 kwa kuuza ADE 651, kifaa cha antena kilichouzwa Iraki kama cha kugundua mabomu huku ndani hakina kitu kinachofanya kazi. Watu walikufa wakiamini antena hiyo. Vinavyofanana nacho, vya kudai dhahabu, bado vinazunguka Afrika.

Na kama shabaha yako ni kutafuta madini kwenye kilima, ujue malakiti, ile mawe ya kijani tunayoijua sote, haipitishi umeme kama metali, kwa hiyo detekta haiitambui. Mukuba uliosafishwa, yaani shaba, sarafu, pete, ndiyo itavilia. Zaidi ya hapo, kuchimba madini kwa mkono kunadai kadi na eneo lililotengwa, kwa Sheria ya Madini ya 2002 iliyorekebishwa 2018. Hobi ya sarafu isigeuke kesi.

Jambo moja nataka lisomwe polepole. Misalaba ya shaba ya Katanga, vipande vya shaba vya watu wa kale vyenye umbo la msalaba, imetolewa makaburini, kama yale ya Sanga kandokando ya ziwa Kisale ambako watafiti walianza kuchimba mwaka 1957. Sheria ya 1971 juu ya mali ya utamaduni inalinda vitu hivyo. Ukikuta msalaba, usiutoe. Piga picha, funika, wapelekee habari watu wa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Msalaba uliong'olewa mahali pake hauelezi tena chochote juu ya waliouweka.

Vilevile, mji huu ulipigwa vita wakati wa kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963. Maganda ya risasi ya shaba ya manjano hulia vizuri mno, na utayapata. Ukiona kitu kinachofanana na kombora au guruneti, simamisha jembe, weka alama, ondoa watoto, waite polisi. Na kabla ya kutembea na mashine mtaani, mwone mwenye parseli na shefu wa kartye, yaani kiongozi wa mtaa, uwaeleze unatafuta nini. Mtu mwenye vipokea sauti masikioni na fimbo yenye sahani anatisha watu wasiomjua.

Kuagiza na kupima

Mashine nyingi hutufikia kupitia Afrika Kusini na Kasumbalesa, au kwa ndege. Hesabu ushuru na usafiri kabla ya kufurahia bei ya mtandaoni. Dai risiti yenye namba ya mashine, kwa sababu bila hiyo dhamana ni karatasi tupu. Ukinunua mkononi, mwombe muuzaji muda wa kutosha wa kuipima. Washa, pitisha ufunguo wa kufuli wa shaba ya manjano mbele ya sahani, ukianza sentimita 5 na kusogea hadi 25, na sikiliza sauti inapofifia. Shika waya karibu na sahani uutikise taratibu: sauti ikikatika, waya umevunjika ndani. Chaji hadi ijae, iache ikiwaka saa mbili, tazama betri imeshuka kiasi gani.

Kisha ipeleke nje. Fukia ule ufunguo sentimita 10 kwenye udongo mwekundu wa kwenu, patanisha mashine, pitisha sahani polepole kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Mlio ukiwa mmoja pande zote mbili, mlipe.