Gesti ya Mkomani, Lamu: hapa ndipo ninapowatuma watu wangu siku hizi

Watu wengi hapa Malindi wananiuliza kama Lamu kunaendeka sahii na wakienda walale wapi, basi naandika mara moja nisirudie rudie. Ni gesti ndogo ya mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani, vyumba vinne tu. Jina silitaji manake mwenyewe hataki, ameniambia andika utakalo lakini jina langu liwache. Anayetaka kwenda anitumie meseji nitamwelekeza.

Nieleze kwanza kwa nini namwamini huyu mama, hapo ndipo penyewe. Mwaka 2020 nilikuwa nimelipa arbuni mahali pawili, kwake kwa ajili ya likizo ya Aprili, na hoteli moja ya ufuoni huku huku kwetu kwa ajili ya wageni wa harusi ya mdogo wangu. Corona ikaingia, kisa cha kwanza Kenya kikatangazwa Machi 13, ndege za nje zikasimamishwa, Machi 27 kafyu ya saa moja jioni ikaanza, halafu Aprili 8 Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hutoki huingii, na Malindi ni Kilifi. Safari ikafa hapo, harusi nayo ikafanywa na watu wa nyumbani tu.

Ile hoteli nilipiga simu mpaka nikachoka. Leo meneja hayuko, kesho mhasibu hayuko, mwisho wake naambiwa arbuni hairudi nitapewa vocha, na vocha yenyewe ikaisha muda kabla hata kafyu haijaondolewa, na kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021! Yule mama wa Lamu mimi hata sikumpigia. Niliona tu M-Pesa imeingia, pesa zangu zote kama nilivyotuma, halafu akapiga simu kuuliza watoto wazima? Nikamwambia mama si ungekaa nazo tu, tukija tutakatana. Akanijibu, "Mwanangu, wewe hukulala kwangu, pesa zako zitalala vipi?" Na wakati huo hana mgeni hata mmoja, wafanyakazi wamerudi makwao, Lamu nzima imekauka, wenye boti wanageuka wavuvi na mabichi boi wanauza simu zao wapate unga.

Mwaka 2022 kuna waliofikiri mambo yamekwisha kwa vile lazima ya barakoa iliondolewa Machi 11. Corona ilikuwa imepoa alhamdulillah lakini safari bado hazikuwa na uhakika. Januari mwaka huo watu waliuawa kule Widho, serikali ikarudisha kafyu sehemu za Lamu bara. Aprili petroli ikakosekana, magari foleni mpaka barabarani. Ngano na mafuta ya kupikia yalipanda bei vita vya Ukraine vilipoanza, na Agosti tulikuwa na uchaguzi. Ukipanga safari ya mwezi ujao ulikuwa unapanga kwa inshallah.

Na hapo ndipo hii gesti inawashinda wengine wote niliolala kwao tangu tufunguliwe. Mama hachukui arbuni tena kabisa. Unampigia ukishajua siku, anakuandika kwenye daftari, siku mbili kabla anakupigia yeye kuuliza bado mnakuja? Halafu asubuhi ya safari anauliza watu wake wa Mokowe, kule bara tunakopandia boti, mabasi ya jana yameingia saa ngapi, njia ya Gamba na Witu ikoje, na kama si shwari anakwambia waziwazi usije leo. Mwenye gesti, mwezi wa tano wageni hakuna, vyumba vitupu, na bado anakwambia usije! Mimi sijaona hoteli nyingine inayofanya hivyo, nyingi ukiwauliza hali ya njia wanakujibu karibuni sana kumetulia, hata hawajui unapitia wapi.

Sisi tulienda baada ya Idi ya 2022. Basi linatoka Malindi asubuhi mapema, Gongoni, Marereni, Garsen, Minjila, Gamba, Witu, Hindi, mpaka Mokowe, kilomita zaidi ya 200. Lami tuliikuta iko sawa kabisa, wanaokumbuka ile njia ya zamani ya kutoka Garsen, mvua ikinyesha mnalala na basi kwenye matope, watashangaa. Ila ukaguzi upo, mnashuka, kila mtu na kitambulisho mkononi, mabegi yanafunguliwa, kwa hiyo msilaumu basi likichelewa, na wenye vijana wasio na ID wabebe vyeti vya kuzaliwa, tuliona mama mmoja akihangaika na kijana wake mpaka nikamhurumia. Mokowe zile ndoo za kunawia za wakati wa corona tulizikuta bado zipo, maji ndio hayakuwamo. Boti lilijaa, lakini nahodha hakuondoka mpaka kila mtu avae jaketi la kuokolea, watoto walipewa ya saizi yao, nashukuru.

Nyumba yenyewe sasa. Unaingilia dakani, ndio ukumbi wa mlangoni, kuna baraza za mawe pande mbili, halafu unatokea kiwandani, yaani uani, kweupe juu wazi. Tulipewa sabule, chumba cha orofani, ndio chumba cha wageni cha nyumba za Lamu tangu hapo, wafanyabiashara wa majahazi waliokuja na upepo wa kaskazi walilala humo wakingoja kusi ivume ndio warudi kwao, miezi. Kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti juu, mchana kuna joto la kukupasua kichwa nje na ndani ni baridi bila feni.

Bafuni kuna birika la zamani la maji, na ndani mna samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Ukichungulia chini kabisa utaona bakuli la kauri limejengewa kwenye sakafu ya birika, maji yakipungua samaki wanakimbilia humo hawafi. Binti yangu alihamia huko, anachota maji kidogo kidogo ili awaone wakishuka bakulini. Mama alituambia mwaka ule wote nyumba ikiwa tupu alikuwa anapanda kila siku kujaza hilo birika, hakuna mtu wa kuoga, ni kwa ajili ya hao samaki tu. Nilimpenda zaidi.

Chakula: asubuhi mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Mahamri yalikuwa machache kuliko nilivyozoea kwa watu wa Lamu, na alinieleza mwenyewe kabla sijauliza, kwamba unga umepanda, amepunguza mahamri hakupandisha bei. Chumba cha wawili mwaka 2022 kilikuwa shilingi 3,500 pamoja na chai, vile vile kama 2020. Usiku ukimwagiza mapema anapika samaki wa kupaka na wali wa nazi, unalipia mbali, na ule samaki wallahi nauli ya kutoka Malindi inarudi.

Yasiyonipendeza: ngazi ni nyembamba na zimesimama sana, mtu mzima mwenye magoti asipande, aombe chumba cha chini. Stima ilipotea usiku na jenereta hakuna, kuna taa za sola lakini feni hazizunguki, na mwezi wa tano joto la usiku la Lamu mnalijua. Waifai inashika barazani tu, ukiwa na kazi za mtandaoni nunua bando. Na punda wanalia usiku, wapita chini ya dirisha, mtoto wa mwisho aliamka akilia ikabidi nimbebe.

Nyota 4, hiyo moja nimeibana kwa ajili ya ngazi na stima. Maulidi na tamasha la utamaduni la Novemba vyumba vyake vinne vinaisha haraka mpigieni mapema. Agosti ya 2022 aliniambia haandiki mtu mpaka uchaguzi upite na njia ijulikane.