Zulia la plastiki "lisiloungua" la mbele ya jiko: mimi sirudii tena

Naandika nikiwa bado nimepandwa na hasira. Mimi napika mikate ya mayai kwa oda, na mkate wa mayai wenyewe ni wa makaa: moto chini kwenye seredani, moto mwingine umepaliwa juu ya kifuniko. Kila ukifunua kutazama rangi, kaa moja mawili hayakosi kudondoka. Haya yote nilimweleza muuzaji, duka moja la mazulia hapa mjini Mombasa, kabla sijatoa hata shilingi. Akaniambia, "Mama, hili ni la jikoni hasa. Hata ulimwagie makaa, haliungui." Akawasha njiti ya kiberiti, akaigusisha pembeni mwa zulia. Moto ukazimika wenyewe. Nikalipa.

Kaa la kwanza lililodondoka lilikuwa dogo kama punje ya kunde. Zulia halikuwaka, ni kweli. Kaa ndilo lililozama ndani yake! Plastiki ikajikunja pande zote, ikawa nyeusi, ukatoka moshi wa kukaba koo na kuwasha macho. Nilipolitoa lile kaa kwa koleo lilikuja na nyuzi za plastiki zinavutika, na chini yake zulia limegandana na saruji. Mjukuu wangu alikuwa amekaa pale pale. Alikohoa mpaka usiku.

Zulia lenyewe ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini. Klorini iliyomo ndani ndiyo inayofanya lisishike moto upesi, ndiyo maana ile njiti ilizimika. Lakini linaanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na kaa jekundu linapita nyuzi 600. Likiungua, klorini hiyo hiyo inatoka na moshi ikiwa gesi ya asidi. Ndiyo aliyoivuta mtoto.

Nikarudi dukani na kipande kilichoungua. Kijana ni yule yule, macho kwenye simu. "Bi mkubwa, siku hizi watu wanapikia gesi." Mbele ya wateja! Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile nilikuuliza nini?" Akanipa mgongo, akaenda kumpimia mwingine. Sikurudishiwa pesa, sikubadilishiwa, hata pole sikuambiwa.

Nisiwaonee, kipande kilichobaki nimekitandika sebuleni na kinapanguswa vizuri, maji hayapenyi. Kwa sebule ningewapa nyota tatu.

Jikoni nimemwita fundi wa mtaani, akaling'oa lile zulia, akamwaga zege na kupanga vigae vya kauri. Uingereza, wanakoota moto ndani ya nyumba, kanuni za ujenzi zinataka sakafu isiyoungua itokeze angalau sentimita 50 mbele ya moto ulio wazi. Nikamwambia fundi apime hizo hizo kila upande wa seredani. Kaa sasa linatua juu ya kigae, linapoa, nalizoa. Ila kigae kikiwa cha moto usikimwagie maji ya baridi, kitapasuka.

Na zile nyota tatu nazifuta. Mtu umemwambia waziwazi ni makaa, akakuwashia njiti, halafu akakupa mgongo mbele za watu! Nyota moja. Ukienda kwao, omba kwanza kipande kidogo, ukakiwekee kaa la moto uani kwako, mbali na watoto, kabla hujalipa. Wakikunyima, toka.